2,147,483,647: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hii namba

Watu wanaifikia hii namba kwa njia mbili tofauti kabisa. Kuna waliokutana nayo kwenye skrini siku programu ilipoanza kuleta vituko, na kuna walioisikia kwenye habari za namba tasa na mzee Euler, mwanahesabu wa karne ya 18. Wa kwanza hawajui kama ni namba ya hesabu, wa pili hawajui kama inasumbua mafundi wa kompyuta mpaka leo, basi maswali ya wote nimeyaweka hapa pamoja.

Inasomwaje kwanza?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kama hutumii laki sema elfu mia nne themanini na tatu, ni yale yale. Kwa mkato inaandikwa 2^31 − 1, yaani zidisha 2 thelathini na moja kwa zenyewe halafu toa 1.

Ina ajabu gani, si namba tu kama zingine?

Kwa mfumo wetu wa kumi haina sura yoyote, hata ukijumlisha tarakimu zake unapata 46, hakuna cha kushangaza hapo. Iandike sasa kwa mfumo wa sifuri na moja uone:

111 1111 1111 1111 1111 1111 1111 1111

Moja thelathini na moja zimejipanga, hakuna sifuri hata ya dawa. Kwenye mfumo wa kumi na sita inakuwa 7FFFFFFF. Hiyo ndiyo asili ya kila kitu utakachosoma hapa chini, ya Euler na ya kompyuta.

Ni tasa kweli? Nani kahakikisha?

Ni tasa, haigawanyiki kwa kitu chochote zaidi ya 1 na yenyewe bila baki. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, matokeo yakatoka mwaka 1772 kwenye barua aliyomwandikia mmoja wa akina Bernoulli, ule ukoo wa wanahesabu wa Uswisi. Wakati huo Euler yuko St. Petersburg, ana miaka 65, na macho yamekwisha karibu kabisa, kazi zake nyingi anazitaja kwa mdomo wengine wanaandika.

Kabla yake kulikuwa na Mwitalia, Pietro Cataldi, ambaye mwaka 1603 alisema 2^n − 1 ni tasa kwa n = 17, 19, 23, 29, 31 na 37. Zile mbili za mwanzo alizipima kweli na yuko sahihi, hii ya 31 nayo akapatia, ila nyingine tatu alichemsha. 2^23 − 1 ni 47 × 178,481. Baadaye mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne akatoa orodha yake mwaka 1644, 31 ikiwemo, nayo ina makosa yake, lakini jina limebaki lake mpaka leo, namba za aina hii zinaitwa namba tasa za Mersenne. Hii yetu ni ya 8. Saba za mwanzo zinatokana na 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19.

Euler aliwezaje bila kikokotoo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, tulieni kidogo.

Njia ya kawaida ya kujua kama namba ni tasa ni kujaribu kuigawanya kwa namba tasa zote mpaka ufike kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa 4,792. Kugawanya kwa mkono mara 4,792 namba yenye tarakimu kumi, hapana, hata ukiwa na wasaidizi utawachosha.

Sasa Euler akauliza, hivi kigawo cha hii namba kama kipo kitakuwa na sura gani? Tukiite q, na q ni tasa. Kama q inagawanya 2^31 − 1, maana yake 2^31 ukiigawanya kwa q inabaki 1. Lakini mwanahesabu Fermat alishaonyesha zamani kwamba 2^(q−1) nayo ukiigawanya kwa q inabaki 1. Na kwa sababu 31 yenyewe ni tasa, haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja mpaka 31 iwe inagawanya q − 1. Kwa hiyo q ukiigawanya kwa 31 lazima ibaki 1, na kwa kuwa q ni witiri basi ukiigawanya kwa 62 inabaki 1. Hapo tayari umefuta lundo zima la namba tasa bila kugawanya hata mara moja.

Halafu kuna sheria ya pili, kigawo cha aina hii ukikigawanya kwa 8 lazima kibaki 1 au 7, hakiwezi kubaki 3 wala 5. Unganisha sheria mbili, 8 mara 31 ni 248, unapata kwamba q ukiigawanya kwa 248 itabaki 1 au 63. Basi.

Anza kuorodhesha uone zinavyopukutika. 63, sio tasa, toa. 249 ni 3 × 83, toa. 311 ni tasa, hii ijaribu: 311 × 6,905,092 = 2,147,483,612, baki 35, haigawanyiki. 497 ni 7 × 71, toa. 559 ni 13 × 43, toa. 745 inaishia na 5, toa. Ukienda hivyo mpaka 46,340 orodha nzima, ukiacha ile 63, ina namba 372 tu, na ukiondoa ambazo sio tasa zinabaki themanini na kitu. Themanini na kitu mtu anamaliza, tena vizuri tu. Hakuna hata moja iliyogawanya, kwa hiyo namba ni tasa.

Ilikaa muda gani ikiwa ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana?

Mpaka katikati ya karne ya 19, zaidi ya miaka 70. Kuna Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba namba kamilifu inayotokana na hii (nitaieleza sasa hivi) ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu hizi namba ni za udadisi tu hazina kazi, nani atajisumbua kutafuta nyingine. Watu walijisumbua bana. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha 2^127 − 1, na Oktoba 2024 ikatangazwa 2^136,279,841 − 1 yenye tarakimu 41,024,320. Ile ya Euler ina tarakimu kumi.

Namba kamilifu ni nini na inahusikaje?

Namba kamilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, unairudia yenyewe. 6 = 1 + 2 + 3. 28 = 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid, Mgiriki wa kale, alionyesha kwamba kila ukipata 2^n − 1 iliyo tasa, ukiizidisha kwa 2^(n−1) unapata namba kamilifu. Kwa yetu ni 2^30 × 2,147,483,647 = 2,305,843,008,139,952,128. Hii ni ya 8.

Sawa, kompyuta inaingiaje hapa?

Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kompyuta kutunza namba nzima ni kuitengea nafasi ya biti 32 (biti ni nafasi moja ya sifuri au moja). Biti moja inaonyesha kama namba ni hasi au chanya, zinabaki 31. Zijaze zote moja, umefika mwisho, 2,147,483,647. Kwa upande wa hasi unafika −2,147,483,648. Ukiandika kwa lugha ya programu ya Java ndiyo hiyo Integer.MAX_VALUE, na kwa lugha ya C kwenye mashine nyingi ndiyo kikomo cha int, yaani namba nzima ya kawaida.

Kwa nini nikiongeza 1 inageuka hasi?

Ukiongeza 1 kwenye moja 31 zilizojaa, zote zinakuwa sifuri na moja inasukumwa mbele, na biti ya mbele ndiyo ile ya alama. Kompyuta inaisoma kama −2,147,483,648. Haijakosea, imefanya ulichoiambia.

Wanafunzi wanaoanza kuandika kodi (msimbo wa programu, sio ile ya TRA) huwa wanakutana nayo kwenye zoezi la faktoria, yaani kuzidisha namba zote kuanzia 1 mpaka hiyo uliyopewa. 12! ni 479,001,600, inaingia. 13! ni 6,227,020,800, haiingii, na Java inakupa 1,932,053,504 bila kukuonya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inafanana na jibu. Fibonacci, ule mfululizo ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, angalau inajifichua, ya 46 ni 1,836,311,903 iko salama, ya 47 inatoka −1,323,752,223 na kila mtu anaona kuna kitu. Ukizidisha namba kwa yenyewe, mwisho wako ni 46,340, ile ile ya Euler, kwa sababu ni kipeuo kile kile.

Python haina shida hii, inaongeza nafasi yenyewe. C ni hatari kuliko Java kwa sababu lugha yenyewe haikuahidi kitatokea nini.

Kwa hiyo kompyuta waliichagua kwa sababu ni tasa?

Hapana! Naulizwa hili kila mara, na kuna watu wanasambaza kabisa kwamba wahandisi walitafuta namba tasa. Kikomo kinatokana na biti, kingekuwa pale pale hata kama namba isingekuwa tasa. Angalia vikomo vingine. Biti 8, kikomo ni 127, tasa. Biti 16 ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151, sio tasa. Biti 32 ndiyo yetu, tasa. Biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, inagawanyika kwa 7, tena mara mbili. Biti 128 ni 2^127 − 1, ile ya Lucas, tasa.

Ukiangalia vipeo ni 7, 15, 31, 63, 127. 15 na 63 sio tasa, na kipeo kikiwa sio tasa basi 2^n − 1 nayo haiwezi kuwa tasa. Kinyume chake hakipo lakini, kipeo kikiwa tasa hujapewa uhakika wowote, waulize 23 na 29.

Mbona kwenye databesi yangu wateja wote wana namba ya simu 2147483647?

Pole. Uliweka safu ya simu kuwa INT, yaani namba nzima ya biti 32. Namba ya Tanzania ikiandikwa na 255 mbele (au 254 kwa Kenya) ina tarakimu 12, iko kwenye mamia ya mabilioni, haiingii kwenye INT hata kwa dawa. MySQL, programu ya databesi, kwa mipangilio ya zamani haikatai, inabana thamani kwenye kikomo, inaacha onyo ambalo hakuna anayelisoma, na maisha yanaendelea. Kuanzia toleo 5.7 kawaida yake ni kugoma na kutoa eroo, lakini kuna seva nyingi watu wameizima hiyo ili mfumo wa zamani usisumbue.

Inayochelewesha watu kugundua ni kwamba zile zinazoanza na 07 zinaingia, maana zinakatwa sifuri ya mbele na kubaki tarakimu 9, chini ya kikomo. Kwa hiyo unapima na namba yako, inapita, unaona poa, kumbe wateja wanaandika na 255. Namba zilizobanwa hazirudi, hakuna mahali zimehifadhiwa. Badilisha safu iwe ya maandishi, VARCHAR. Simu hatujumlishi wala hatuzidishi, ni maandishi yenye tarakimu. BIGINT, namba nzima ya biti 64, itaingiza lakini sifuri ya mbele na alama ya kujumlisha bado zitapotea.

Na hela je?

Ukitunza hela kwa senti kwenye INT, mwisho wako ni 21,474,836.47. Kwa dola hiyo ni milioni 21, biashara ndogo ya Marekani haitagusa. Kwa shilingi ya Tanzania ni gari ya mtumba moja. Mifumo mingi tunayoitumia imeandikwa na watu ambao pesa yao haina sifuri nyingi, kwa hiyo ukichukua msimbo wa programu ya mtu mtandaoni kwa ajili ya risiti na ankara, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kukagua, kabla hata ya rangi na nembo.

Mwaka 2038 kuna nini?

Mifumo mingi inahesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Ikihesabiwa kwa biti 32 inajaa Jumanne 19 Januari 2038, na kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata kifaa kinaamini ni 13 Desemba 1901.

Simu na laptop za sasa zinatumia biti 64, hazina noma. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahaulika, na kwenye faili na databesi zilizopangwa zamani. Tena usisubiri 2038, mkopo wa miaka 20 unaoandikwa leo una tarehe ya mwisho iliyovuka hapo.

Ni kweli ndege ilihusika?

Kweli. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme mara kwa mara, kwa sababu ikikaa imewashwa mfululizo siku 248 kaunta ndani ya vidhibiti vya jenereta inajaa na vidhibiti vinaweza kuzima kwa pamoja, umeme unakatika. Gawanya 2,147,483,647 kwa 100 halafu kwa 86,400, unapata siku 248.55, ndiyo maana waliotazama ile agizo wakajua mara moja kwamba kaunta inahesabu sehemu za mia za sekunde. (248 hii na 248 ya Euler hazihusiani, nimeshaulizwa.)

Na ile video ya YouTube?

Ni Gangnam Style ya mwanamuziki Psy wa Korea Kusini. Desemba 2014 ilitazamwa zaidi ya mara bilioni 2.1, ikafikia kikomo cha kaunta ya biti 32, na YouTube wakatangaza wamehamia biti 64.

Kuna mahali popote utasa wake unatumika?

Upo, na hapa zile sifa mbili, utasa na kujaza biti 31, zinakutana kwa faida. Kutengeneza namba za bahati nasibu ndani ya programu. Chukua namba yoyote ya kuanzia, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Ukianza na 1:

1, 16,807, 282,475,249, 1,622,650,073…

Kwa kuwa kigawanyo ni tasa, na 16,807 (ambayo ni 7^5) imechaguliwa vizuri, mfululizo unapita kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646 kabla ya kujirudia, hairuki hata moja. Na kwa kuwa kigawanyo kinaenea kabisa kwenye biti 31, kompyuta za zamani ziliimudu. Wazo la aina hii ni la Mmarekani D. H. Lehmer, na mwaka 1988 wataalamu wa kompyuta Park na Miller wakaipigia debe iwe kiwango cha chini kabisa kinachokubalika. Walitoa hata kipimo: ukianza na 1, hatua ya 10,000 lazima ikupe 1,043,618,065. Ukipata kingine umekosea kodi yako, na kosa mara nyingi ni lile lile, kuzidisha kumevuka kikomo.

Usiitumie kwa nywila wala OTP jamani. Mtu akiona namba moja tu anajua zote zinazofuata.

Naweza kuithibitisha mwenyewe kuwa ni tasa?

Ndiyo, tena kwa njia fupi kuliko ya Euler. Lucas aliianzisha, Lehmer yule yule akainyoosha. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2: 14. Tena: 194. Tena: 37,634. Tena: 1,416,317,954. Kuanzia hapo kila ukipata jibu ligawanye kwa 2,147,483,647 ubaki na baki. Ukirudia hatua jumla 29 na ukapata 0 kamili, ni tasa. Unapata 0. Mistari mitano ya Python, dakika mbili.

Ina pacha?

Haina. 2,147,483,645 inaishia na 5, na 2,147,483,649 ni 3 × 715,827,883. Jirani zake tasa ni 2,147,483,629 chini na 2,147,483,659 juu.

Inaweza kuandikwa kama jumla ya namba mraba?

Nne tu, sio chini. Mraba wowote ukiugawanya kwa 8 unabaki 0, 1 au 4, na yetu inabaki 7. Jaribu kupata 7 kwa kujumlisha tatu kati ya hizo, hutapata. Kwa nne inawezekana siku zote, mwanahesabu Lagrange alithibitisha mwaka 1770, na mfano ni huu: 46,339² + 425² + 10² + 1². Piga hesabu, inatoka kamili.

3 ni tasa, 2^3 − 1 ni 7, tasa. 5 ni tasa, 2^5 − 1 ni 31, tasa, 2^31 − 1 tasa. Je, 2^2,147,483,647 − 1?

Ingependeza, lakini hapana. Hiyo namba ina tarakimu zaidi ya milioni 646, huwezi kuigawanya hivi hivi, ila ile mbinu ya Euler inafanya kazi palepale: kigawo lazima kiwe 2 × k × 2,147,483,647 + 1. Watu wakazipitia k moja moja, na ilipofika 68,745 ikakubali. Kigawo ni 295,257,526,626,031.